Heleni za Pembe na Mama wa Picha

Siku ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, ni ile niliyomleta mama yangu Jinja kutoka Mbale. Alikuwa amevaa gurbaba lake la sikukuu, lile vazi la mama zetu wa Kinubi, na masikioni heleni za pembe nilizomtengenezea kwa mikono hii.

Ngoja kwanza nijisifu kidogo, maana nisipojisifu mimi sijui nani atanisifu. Shule niliishia darasa la nne. Lakini tangu utoto nilikuwa siwezi kuona waya umelala chini nikaupita. Naokota waya wa shaba kwenye gereji za Namakwekwe, mtaa wetu wa Mbale, naukunja pete, bangili, chochote. Wenzangu wanacheza mpira, mimi nasugua pembe la ng'ombe kwa jivu mpaka ling'ae. Leo nina karakana yangu, nina watu wanaokula kwa akili yangu, na mtu wa boda yeyote wa Mbale ukimwambia akupeleke kwa yule bwana wa heleni, hakuulizi mara ya pili.

Wakati huo lakini nilikuwa kijana, nafanya kazi chumba cha nyuma katika duka moja la Jinja linalouzia wageni wanaokuja kutazama Nile. Mwenye duka tulimwita Madam. Vitu vyangu vilikuwa vinaondoka, ila mwenyewe nilikatazwa kutokea mbele.

"Wewe una mabega ya kubeba magunia," aliniambia akicheka. "Mgeni akikuona atadhani umevinunua sokoni Nakaloke. Mgeni anataka mama. Mama mwenye shida."

Nami nikacheka. Basi akataka kupiga picha ya mama mzee, aibandike ukutani, wageni waambiwe huyo ndiye fundi. Nikasema, mama ninaye. Nilijiona mjanja: sura ikiwa ya mama yangu, kazi itakuwa bado ya nyumbani.

Madam alimtazama mama kuanzia kichwani hadi miguuni, uso ukamshuka.

"Karibu sana, mama. Lakini nguo hii inapendeza mno. Tuna kanga pale, imechakaa kidogo. Na hizo heleni tuzivue, kwa muda tu."

"Nizivue kwa nini?"

"Ni kwa ajili ya picha, mama. Watu wananunua wakikuonea huruma."

Mama alinigeukia mimi. "Wewe ndiye uliyezitengeneza. Niambie wewe nizivue, nitazivua."

Mwanangu, jibu nilikuwa nalo. Lakini kazi yangu yote ilikuwa juu ya meza za yule mwanamke, na mahali pengine pa kuuzia nilikuwa sipajui. Nikatazama vidole vyangu. Mama akangoja. Kisha akajifunga gurbaba vizuri.

"Namakwekwe wanawake wakiniuliza nani kanitengenezea hizi, nalitaja jina lako," akasema. "Hapa hata wewe mwenyewe hulitaji."

Akaenda zake kutafuta gari la Mbale. Sikumfuata.

Madam alipata mama mwingine, asiyejua hata kukunja waya, akamvika kanga ile, picha ikapanda ukutani. Heleni zikaondoka kama chapati za asubuhi.

Nilipokuja kuondoka kwa Madam nikafungua meza yangu Mbale. Mgeni wa kwanza wa maana akasimama, akashika heleni, akatabasamu. "Hizi nimeziona Jinja, za yule mama wa picha. Bwana, si vizuri kuiba kazi ya mama maskini." Nikaanza kueleza. Akazirudisha mezani polepole na kujifuta vidole. Mimi, mwizi wa mikono yangu mwenyewe! Na mpaka leo, pamoja na karakana yote hii, wako wanaoniuliza kama yule mama ndiye aliyenifundisha.

Mama yangu hakuninyima chakula wala salamu. Ila habari za kazi yangu hakuuliza tena hadi tulipomzika, na mimi, mwenye mdomo wote huu, sikupata pa kuanzia.

Kwa hiyo wewe unayetunga shanga usiku kucha kwa kupenda, uza. Usione haya; kupenda kazi hakuishibishi nyumba. Lakini tangu siku ya kwanza simama mbele ya kazi yako, na mabega yako na sura yako hiyo hiyo. Mtu akikuambia sura yako haiuzi, kusanya vitu vyako uondoke huku yeye bado anaongea. Utalala na njaa kidogo, mimi najua njaa. Jina ukishamwachia mtu mwingine, huwezi kulirudisha kwa maelezo; mimi nimeeleza mpaka nimechoka.

Mungu akupe vidole vyenye nguvu na sauti ya kutosha, na siku utakapoulizwa nani ametengeneza, swali likukute umeinua kichwa.