Simu ya Mama Buko

Mwanangu wa mwisho aliniachia sauti nne ndani ya simu. Tatu zilikuwa fupi: amefika, mega za simu zimekwisha, dada yake ni mlafi. Ya nne ndiyo ilikuwa ndefu. Aliituma asubuhi, akiwa amesimama juu ya shimo la madini, na kabla ya saa sita mchana shimo lilikuwa limeanguka. Ilisema hivi:

"Mama, acha bukari mu sufuria, funika na ile sahani ya bulu. Leo nitarudi na njaa ya batu babili. Na nyama yangu usimupe dada, yule iko na meno mingi." Hapo anacheka. Kicheko chake kilianzia puani, kama mtu anayejizuia kanisani. Halafu anasema, "Haya mama, mi nashuka."

Nilikuwa naisikiliza kila asubuhi kabla ya kuwasha makala, mkaa wa jikoni. Sikulia. Niliweka simu sikioni, nikasikia, nikaifunga kwenye pindo la kikwembe kiunoni, nikawasha moto. Ilikuwa kama kunawa uso.

Binti yangu alidhani nimeacha. Kwetu kilio kikiisha, nguo za marehemu zinagawanywa, godoro lake linatolewa nje, watu wananyoa nywele, na aliyekufa anaachwa alale. Wiki chache baada ya kilio alinikuta na simu sikioni.

"Mama, yule mutoto unamusumbua," akasema. "Kila siku unamuamusha. Sasa atalala lini?"

Nikamwambia basi, nitaacha. Sikuacha. Nilianza kusikilizia chooni, nyuma ya lupango, ua wetu, mlango nimeufunga kwa kamba.

Sasa habari ya majina. Shule nilifika darasa la tatu kwa masista, na hapo ndipo ilipoishia. Kusoma nasoma polepole, kuandika ndiyo hivi mnavyoona. Lakini jina likiingia kichwani mwangu halitoki. Najua majina ya wote waliokaa kwenye avenue yetu ya Kasulo, kabla vijana hawajaanza kuchimba ndani ya nyumba zao wenyewe, na majina ya baba zao, na kijiji kila mmoja alikotoka. Hapa sitaandika hata moja, na mtaona sababu.

Shimo lililomchukua mwanangu halikuwa na karatasi wala mwenyewe. Waliokufa ndani yake walikuwa vijana wa kila upande wa nchi, na pale shimoni waliitana kwa majina ya utani tu. Majina yao ya kweli niliyajua mimi, kwa kuwa nilikuwa nauza bukari, ugali wetu, na sombe, majani ya muhogo, kando ya njia yao, na mimi sikumpa mtu sahani kabla ya kumuuliza jina lake na la baba yake. Walinicheka. "Mama anatupatia kula ama anatupatia pasipoti?" Lakini walitaja.

Wamama wa kanisa wakasema majina yale yapelekwe kwa familia, yasomwe kwenye misa. Nikaenda nao, nyumba kwa nyumba, mpaka Mutoshi. Jumapili moja tulipanda lori hadi Tenke, kumwambia mwanamke mmoja kwamba kijana anayemngoja hatarudi. Alitupa karanga, tukala, tukarudi.

Siku mbili baadaye simu ikalia. Mwanaume, sauti nzuri, ya mtu aliyesoma.

"Mama, jambo. Miguu inaendelea muzuri?"

"Ni nani?"

"Wiki iliyopita ulikuwa Mutoshi. Jumapili ulikuwa Tenke, nyumba ya pili nyuma ya gare ya treni. Unatembea sana kwa mutu wa miaka yako."

"We ni nani, tata?"

"Majina ya batu ba shimo haiko yako, mama, kuko benye hawataki isomwe. Pumuzika."

Akakata.

Sikuogopa. Nikisema hivyo watu hawaniamini. Tangu kilio, jambo likinifikia linasimama mlangoni, haliingii. Nilimwambia binti yangu kama mtu anayesema chumvi imekwisha. Yeye ndiye alikaa chini.

"Nani alijua unaenda Tenke?"

"Wamama wawili. Na dereva."

"Na simu."

"Simu iko na miguu?"

"Iko na mudomo, mama. Hii simu yako inasema kupita bamama ba soko. Kila kwenye unafika, inaandika. Kila mwenye unaita, inaandika. Halafu inapelekea benye kuuliza."

Mume wake anatengeneza simu. Ana meza yake karibu na soko. Alisema kuna dawa, si kwangu alisema, kwa mkewe. Unaweza kuondoa sistemu yote iliyokuja na simu na kutia nyingine, iliyotengenezwa na watu wasiotaka kujua habari za mtu. Simu inabaki ileile, kioo kilekile chenye ufa. Lakini ndani kila kitu kinachotaka kusikia, au kuona, au kujua uko wapi, lazima kibishe hodi kwanza, na wewe ndiye unayesema pita au usipite.

Hapa lazima nieleze buko, yaani ukwe wetu. Mkwe mwanaume na mama wa mkewe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Akiniona njiani anapisha, anaingia majanini mpaka nipite. Mahali ninapolala hatupi hata jicho. Si chuki, ni heshima, na mwanaume yule hajanikosea hata siku moja. Uso wake nimeuona sawasawa mara moja tu, siku ya kilio, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika miguu ya mwanangu walipomtoa, na siku ile nani alikumbuka buko.

Basi alipokuja kwa habari ya simu, alikaa kwenye benchi nje ya ukuta wa jiko. Mimi nilikuwa ndani nachambua sombe. Binti yangu alisimama mlangoni, anapokea maneno upande huu anayatupa upande ule, ingawa wote watatu tulikuwa tunasikiana vizuri.

"Mwambie mama," mkwe akasema, "sistemu mupya ikiingia, yenye iko ndani yote inafutika. Inabakia paka ile tu yenye nimetoa mbele. Mama anataka nitoe nini?"

"Anauliza atoe nini."

"Nimesikia, mi siko kiziwi."

"Jibu basi."

Zile sauti nne zilikuwa hapa, kwenye ncha ya ulimi. Nikamtazama binti yangu, naye ananitazama. Ningezitaja, angejua kwamba miezi yote ile nilikuwa namwamsha mdogo wake chooni, na angejua mbele ya mume wake.

"Majina," nikasema, kwa kuwa humo niliandika majina na namba za familia. "Asipoteze jina hata moja."

"Majina yote nitatoa, na foto. Sasa message za mama?" Akasogea kwenye benchi. "Mwambie simu ya mama buko mi naweza kufungua tumbo yake, lakini mudomo yake siwezi. Kuingia mu message za mama ni kuingia mu chumba yake. Kama kuko kitu, afungue yeye mwenyewe, akuonyeshe wewe, wewe unionyeshe."

"Message gani!" binti yangu akacheka. "Bamama ba kanisa banamutumia paka maombi tu. Ondoa tu."

Mimi nikainamia sombe.

Nitasema nilichowaza, ingawa ni upumbavu. Tulipohama Kasulo, watu wa lori walituambia tuchukue vya maana tu, lori halina nafasi. Mwanangu akapakia kila kitu. Alipakia ndoo yenye tundu. Alipakia mlango. Mimi sikumwambia, alijua tu kwamba ni vyangu. Nikawaza mkwe wangu, mwenye heshima vile, naye atahamisha hivyohivyo. Maneno kwamba vingine vitafutika nilikuwa nimeyasikia pia kwa watu wa lori.

Akaipokea simu kwa kitambaa cheupe kilichofuliwa, asishike kwa mkono mtupu kitu kinacholala sikioni mwa mama buko. Akaondoka nayo.

Ilirudi siku ya pili, ndani ya kitambaa kilekile. Binti yangu akanifundisha. Majina yalikuwepo yote, niliyapitia moja moja, hakuna lililopungua. Matangazo ya kuruka-ruka hayakuwepo tena. Nikigusa kitu, simu inauliza kwa Kifaransa kama naruhusu, na binti yangu alinionyesha ndiyo iko wapi na hapana iko wapi. Nikasema asante. Nikampelekea mkwe kuku jike.

Halafu nikaenda chooni, nikafunga kamba. Nikatafuta jina la mwanangu. Lilikuwepo, na namba yake, ingawa ile simu yake imebaki chini ya udongo. Nikaligusa. Chini ya jina palikuwa peupe. Nikapandisha kwa kidole, nikateremsha. Peupe, kama sahani iliyooshwa.

Nikatoka, nikaenda kutwanga sombe. Mchi ulikuwa na uzito wake uleule. Mchana tulikula.

Yule mwanaume wa sauti nzuri alipiga tena mara moja tu.

"Mama, umepotea."

"Niko nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Nikasikia kwamba hajui. Kweli dawa ilifanya kazi. Juma lile tulipeleka jina la mwisho, na katika misa yakasomwa yote, na la mwanangu kati yao. Msomaji alikosea la baba wa mmoja, nikamsahihisha kutoka kwenye benchi.

Jumapili iliyofuata mkwe alikuja kuulizia simu. Binti yangu alikuwa ameenda kwa jirani. Bila mtu wa katikati angepaswa kurudi, lakini kuna njia ya wazee: unasema na kitu. Nikamsikia anakaa kwenye benchi. Kuku mmoja alikuwa anaparua pale.

"We kuku," akasema, "simu ya mama buko inatembea muzuri?"

Mimi nilikuwa na sufuria ya maharagwe motoni.

"Sufuria," nikasema, "mwambie inatembea."

"Kuku, muulize, wale batu banamuita tena?"

"Hapana, sufuria. Wameacha."

"Mungu iko," akamwambia kuku.

Nikakoroga. Nilikoroga tena, maharagwe hayakuwa yanahitaji.

"Sufuria, muulize. Kitu chenye kilifutika mule ndani, mutu anaweza kukirudisha?"

"Ah, kuku, mwambie mama asiogope!" Alifurahi, nilisikia benchi inalia kwa jinsi alivyogeuka. "Huo njo uzuri ya ile sistemu. Chenye kimefutika, kimefutika. Hata bakuje na mashini gani, hawapate kitu. Mi mwenyewe mwenye niliitia, siwezi."

Maharagwe yalikuwa yanachemka.

"Kuku," akasema mwishowe, sauti imeshuka. "Kulikuwa kitu?"

Nilijua kinachofuata nikisema ndiyo. Mkwe aliyemkosea mama buko analeta mbuzi na kitambaa cheupe, anapiga magoti nje ya lupango mbele ya wazee, na wazee wanauliza kosa ni nini, na kosa linasemwa kwa sauti. Binti yangu angesikia ni yeye aliyesema "ondoa tu." Na mkwe angekuwa, siku zote, mtu aliyemtoa mwanangu shimoni kwa miguu na kumfuta simuni kwa mikono. Mbuzi tungekula. Pale chini ya jina pangebaki peupe.

"Sufuria, mwambie hakuna kitu. Mwambie majina yote iko."

"Asante, mama," akasema. Alisahau kupitia kwa kuku. Halafu nikasikia anaondoka upesi, kwa aibu ya kusahau.

Niliepua maharagwe. Nikakaa kwenye kigoda na simu mapajani. Maneno yake ninayo yote, halijapotea hata moja. Lakini siku zile nilikuwa nimeanza kuona kwamba yakija kichwani yanakuja na sauti yangu. Sahani ya bulu, kwa sauti yangu. Meno mingi, kwa sauti yangu.

Nikatafuta ile alama ya kurekodi, nikaigusa. Simu ikauliza kama naruhusu isikie. Nikagusa pale binti yangu aliponionyesha ndiyo ilipo. Nikaileta karibu na mdomo.

"Mama, acha bukari mu sufuria," nikasema, "funika na ile sahani ya bulu. Leo nitarudi na njaa ya batu babili. Na nyama yangu usimupe dada, yule iko na meno mingi."

Pale penye kicheko nikanyamaza, muda uleule ambao kicheko kilichukua. Kisha nikasema, "Haya mama, mi nashuka," nikazima, nikaenda kutafuta chumvi.