Vidonge Vyeupe vya Mama

Atukuzwe Mungu anayeshika pumzi zetu, aliyenipa macho ya kuwaona wajukuu na ulimi ambao bado unaweza kusimulia. Sijui kwa nini amenibakiza mimi, wakati wengi walionizidi kwa wema wamekwisha kulala. Lakini kwa kuwa amenibakiza, mwanangu, kaa nikuambie jambo ambalo hata leo ni zito kwangu kulisimulia.

Nakumbuka siku moja ya mavuno ya pamba, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, shemeji yangu Masanja alipofika nyumbani kwetu, nje kidogo ya Tinde, amejaa zawadi mikononi. Masanja alikuwa amemwoa dada yangu Kabula, ambaye siku hiyo alikuja naye, na kazi yake Masanja ilikuwa kuchimba dhahabu huko Geita. Mwezi ule mwamba ulikuwa umemwonea huruma. Alileta vitenge, sukari, sabuni ya kipande, vitu ambavyo siku zile ukiviona dukani unapiga ishara ya msalaba. Na katikati ya vitu hivyo alileta kiboksi cha dawa, chenye maandishi ya dhahabu, kwa ajili ya mama.

Hapo nisimame kidogo, nikueleze habari ya mama.

Mama yetu alikuwa na kifafa. Alianza kuanguka akiwa msichana, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na kovu kubwa la moto. Nilipokuwa mdogo hatukumwacha apike peke yake wala ateke maji peke yake. Halafu zahanati ya serikali ilipofunguliwa jirani na sisi, mtoa dawa akampa vidonge vidogo vyeupe, vilivyotoka kwenye kopo kubwa, akavifunga kwenye kipande cha karatasi. Havikuwa na rangi wala picha. Mama akawa anakunywa kila jioni, na kabla ya kumeza alifumba macho na kusema, "Asante, Bwana, kwa hiki nacho." Kuanguka kukapungua, kisha kukakoma. Akarudi jikoni peke yake. Akaanza kubeba wajukuu mgongoni. Kanisani akahamia benchi la mbele pamoja na waimbaji, kwa sababu hakuwa na hofu tena ya kuanguka mbele za watu.

Kopo la zahanati likiisha, mimi nilidandia lori la pamba hadi Shinyanga mjini, kwenye duka la dawa la serikali. Pale vidonge vile vile viliuzwa kwa bei ambayo hata mjane aliyeuza mayai aliiweza. Nilikuwa kijana niliyemaliza mafundisho ya katekista, nina nguvu, na safari ile niliipenda. Nilijua ninambebea mama uzima wake mfukoni.

Lakini ugonjwa wenyewe tuliuficha. Watu wa Masanja walipokuja kuposa, wazee wa nyumba yetu walikaa wakakubaliana kwamba neno kifafa lisitamkwe. Wakati ule watu walisema ni ugonjwa wa ukoo, na msichana angeweza kurudishwa kwao pamoja na aibu yake. Ikasemwa kwamba mama anasumbuliwa na kichwa cha muda mrefu. Basi. Kabula aliolewa, ng'ombe wakaja, na lile neno la kichwa likabaki kama ndiyo kweli.

Sasa turudi kwa Masanja na kiboksi chake. Unajua desturi yetu, mwanangu, ingawa ninyi wa sasa mmeilegeza. Mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai uso kwa uso, hawazungumzi wao kwa wao. Masanja alisimama karibu na ghala, amegeuzia mlango mgongo, na mama alikuwa ndani. Maneno yakapitia kwa Kabula.

"Mwambie mayu," alisema Masanja, na mayu kwa Kisukuma ndiyo mama, "kwamba nimesikia kichwa bado kinamsumbua. Nimemletea dawa ya watu wazima. Aache vile vya kopo. Aliyeniuzia kasema zisichanganywe."

Mimi nilikuwa nimekaa nje nikifunga magunia. Nikamwambia, "Shemeji, vile vya kopo vinamfaa."

Akacheka. "Katekista, wewe unaona kila cha bure ni baraka! Kitu hakina boksi, hakina jina, kimefungwa kama njugu za sokoni. Kule machimboni tunasema ni chaki ya shule. Tazama hiki!" Akatoa kidonge kimoja, nusu chekundu nusu cheusi, kinang'aa. "Hiki hata kukimeza unaona huruma."

Majirani waliokuja kuona zawadi wakacheka, na mimi nikacheka. Ningesema nini zaidi? Kusema zaidi ilikuwa kufungua mdomo juu ya jambo ambalo wazee wangu walilifunga.

Ndani, Kabula alikuwa akimnong'oneza mama. Nilisikia sauti ya mama kupitia ukutani, ya upole kama kawaida yake. "Nikikataa, mwanangu, atauliza kwa nini. Utamjibu nini mumeo?"

Kabula akasema, "Lakini mama, hujaanguka miaka mingi. Labda ulishapona."

"Labda," mama akasema. "Mshukuru. Mwambie mkwe wangu amenivika heshima."

Masanja aliposikia hivyo alifurahi sana, mwanangu. Nataka ulijue hilo. Alifurahi kama mtoto aliyesifiwa. Akamwacha Kabula kwetu ili amhudumie mama kwa mkono wake mwenyewe, kisha akarudi Geita. Mama, kwa sababu ya adabu, akaviweka kando vidonge vyeupe na kuanza vile vya rangi mbili.

Wiki haikuisha. Tulikuwa shambani tunachuma pamba, jua limepanda, mama yuko mstari wa pili kutoka kwangu, anaimba wimbo wa Bikira Maria. Wimbo ukakatika katikati ya neno. Nilipogeuka alikuwa chini, mwili unatupwatupwa, pamba imemwagika juu yake. Tukamlaza ubavu, tukangoja atulie kama zamani. Akatulia. Kabla hajafungua macho, ikaanza tena. Na tena. Zamani alikuwa akianguka mara moja na kulala. Hii haikuwa kama zamani.

Tukamlaza kwenye mkokoteni wa ng'ombe na kumkimbiza zahanati. Mtoa dawa alipomwona tu aliuliza, "Ameacha vidonge?"

Kabula akampa kile kiboksi. Yule baba akakisoma, akakigeuza, akakaa chini kwenye kiti chake. "Dada, hii ni dawa ya kweli, lakini ni ya vidonda na usaha. Haina kazi yoyote kwenye ugonjwa wa mama yako. Na ile niliyompa mimi haiachwi ghafla, nilimwambia. Mwili ukishaizoea, ukinyimwa kwa siku chache tu, ugonjwa unarudi kwa hasira."

"Tulidhani hii ni kali zaidi," Kabula akasema. "Imetoka mbali."

"Hata ile ya kopo ingewekwa kwenye boksi la dhahabu na kuuzwa bei ya ng'ombe, ingekuwa ile ile. Boksi ni la mfanyabiashara. Dawa ni dawa."

Alimchoma sindano, akafanya yote aliyoyaweza kwa vifaa alivyokuwa navyo. Nami nikapiga magoti nikamshika mama mkono, nikaanza Baba Yetu. Sikumaliza. Jua lilikuwa bado halijatua mama alipotuacha.

Kwenye msiba maneno yakawaka haraka. Vijana wa ukoo walisema Masanja amemuua mkwewe kwa dawa za machimboni, anatafuta utajiri wa dhahabu kwa damu ya mama yetu. Walishika fimbo, wakamngojea njiani. Masanja alipofika, hajui lolote ila kwamba kuna msiba, Kabula alikimbia akasimama mbele yake, amenyoosha mikono, analia bila sauti.

Ndipo kaka yake mama, mjomba wetu Ng'wandu, akainuka kwenye ngozi yake. Hakupaza sauti.

"Wekeni fimbo chini. Huyu kijana aliambiwa ni kichwa, akanunua dawa ya kichwa kwa mtu mwongo. Nani alimwambia ni kichwa?"

Akamtazama mzee mmoja baada ya mwingine.

"Nauliza nani. Mimi nilikuwepo kwenye ile posa. Nilikula nyama ya posa. Dada yangu tulimfichia ugonjwa kama mwizi anavyoficha mbuzi, mpaka akashindwa kumwambia mkwewe kwamba dawa yake anayo. Mkimpiga Masanja, anzeni na mimi."

Fimbo zikashuka moja moja. Masanja akaketi chini pale pale njiani, kwenye vumbi, na ndipo alipoelewa. Sijawahi kuona mtu akilia vile. Alimpenda mama yetu, na hakuwahi kumtazama usoni hata mara moja hadi siku alipomwona jenezani.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu. Ugonjwa wako uite kwa jina lake, hasa mbele ya wale watakaokuhudumia, wakwe wakiwemo. Anayekupa dawa muulize inaitwaje, ni ya nini, na utaitumia mpaka lini. Uliza tena kama hukuelewa. Usiiache kwa sababu mtu amekuletea nyingine, hata kama mtu huyo anakupenda, mpaka umerudi kwa aliyekupa. Na dawa ya serikali ya bei nafuu usiidharau kwa kuwa imefungwa kwenye karatasi. Nyumba ya maskini ilipewa uzima kwa karatasi ile, nasi tukauona mdogo.

Mungu akulinde wewe unayesoma maneno haya, wewe na wote walio nyumbani mwako. Akupe dawa siku ya kuugua, na mtu mkweli wa kukupa, na ulimi usioogopa kusema unapoumia. Wale waliotutangulia awape pumziko, na sisi tuliobaki atupe kusameheana. Amina.