"Bahari au mlima?": Swali la Bi Sanae lililompoteza mke wa watu

Saa 5:19 asubuhi treni inaingia stesheni ya Minasawa ikiwa imechelewa dakika mbili, na Kuwabara Sanae keshakasirika.

"Dakika mbili!" anasema, akiuweka sawa mkanda wa trei yake shingoni. "Hizo ni boksi kumi zangu zimekwenda na mvua."

Ana miaka 63, aproni ya kijani, raba nyeupe na sauti inayosikika jukwaa zima. Juu ya trei ya mbao zimepangwa boksi ishirini za chakula, bado zina joto. Kiunoni zinaning'inia roli mbili za uzi, wa buluu na mwekundu. Ni Jumamosi ya Novemba na mvua haijakatika tangu alfajiri.

Kazi kubwa ya stesheni hii ni kutenganisha treni. Mabehewa sita yanaingia yameungana, yanatoka matatu matatu. Ya mbele yanashuka Kazehama, mji wa bandari. Ya nyuma yanapanda Takeyori, mji wa mahekalu. Kwa kawaida treni husimama dakika sita kabla kipande cha mbele hakijaondoka. Leo ni nne tu, kwa sababu zile mbili zilizopotea njiani zinafidiwa hapa, na anayeumia ni muuza chakula.

"Bi Sanae, leo uza kwa kukimbia," anamtania mkuu wa stesheni, Igarashi Tetsuma. "Na usipige soga."

"Soga napiga na nani? Na wewe? Labda niwe nimeishiwa watu."

Milango inafunguka.

Bi Sanae alianza kazi hii akiwa na miaka 29 na mimba ya mtoto wa pili. Walikuwa wauzaji kumi na wawili, na chakula kilipitishwa dirishani, pesa huku boksi kule, hadi treni inaanza kutembea. Baadaye yakaja mabehewa yasiyofunguka madirisha. Wenzake wakaondoka mmoja mmoja. Zamani aliuza boksi 300 kwa siku. Siku hizi akifikisha 40 anarudi nyumbani akiimba.

Kilichombakiza hapa, mwenyewe anasema, ni lile swali lake.

"Watu walikuwa wanapotea kila wiki. Mtu amekuja kuona bahari, anajikuta hekaluni kwa watawa. Basi nikawa kila anayenunua namuuliza: bahari au mlima? Akisema bahari, namfungia boksi kwa uzi wa buluu namwambia panda mbele. Akisema mlima, uzi mwekundu, panda nyuma."

Makondakta nao wakauzoea uzi wake. Wakiona wa rangi nyekundu kwenye mabehewa ya mbele, wanajua kuna abiria amepotea, wanamshusha mapema. Swali likapata jina mji mzima. Lilipata jina mno, kwa kweli, maana miaka miwili iliyopita jikoni walipoanza kupika vyakula viwili, cha samaki na cha uyoga, wakaviita "Bahari" na "Mlima" kwa heshima yake.

"Heshima hiyo itanitoa roho," analalamika. "Tangu siku ile, mtu akinijibu bahari lazima nimuulize tena: bahari ya tumbo au bahari ya safari?"

Kila siku anauliza mara mbili. Leo, kwa hizo dakika nne, anauliza mara moja.

Mzee mrefu mwenye koti la mvua la kahawia anashuka kutoka mabehewa ya nyuma, kichwa wazi, anakuja kwa hatua ndefu.

"Mama, nipe boksi mbili."

"Bahari au mlima, baba?"

"Bahari. Zote mbili. Mke wangu, samaki ndiyo roho yake."

Mikono ya Bi Sanae imekwisha fanya kazi. Uzi wa buluu, fundo, uzi wa buluu, fundo. Kengele inalia.

"Mbele, baba! Panda mbele! Wahi, wanafunga!"

Mzee anageuka kutazama nyuma alikotoka. "Mbele?"

"Mbele! Kimbia!"

Anakimbia. Mlango unafungwa nyuma ya koti lake, na mabehewa matatu ya mbele yanaondoka kwenda Kazehama.

Dakika mbili zinazofuata ni za mapumziko. Bi Sanae anatembea kuelekea mabehewa ya nyuma, yanayosubiri zamu yao, akitazama madirishani kama kuna mwenye njaa. Kwenye dirisha la behewa la tano ameketi bibi mmoja, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, mapajani kitabu cha mihuri ya stesheni, ambacho msafiri hugonga mhuri wa kila stesheni anayopita. Amekunjua kimeza kidogo mbele yake na kuweka vikombe viwili vya chai. Kwenye kiti cha pembeni kuna kofia ya mwanamume.

Bibi anamwona, anatabasamu. Anaonyesha kwa vidole ishara ya kula, kisha anaonyesha jukwaani, kama anayesema: mume wangu ameenda kununua.

Bi Sanae anatabasamu naye. Halafu anaitazama ile kofia. Halafu vile vikombe.

"Mama yangu wee," anasema. "Bahari ya tumbo."

Treni inaanza kutembea.

Mkuu wa stesheni amenyoosha kidole kuelekea taa za nyuma, anatamka kama kanuni ya reli inavyotaka kila treni inapoondoka, "Nyuma salama!", na hapohapo anavutwa mkono wa koti. Katika miaka 34 Bi Sanae hajawahi kumgusa mkuu wa stesheni akiwa amenyoosha kidole namna hiyo.

"Si salama! Nimewatenganisha mtu na mkewe! Yeye yuko mbele, mama yuko mle!"

Ofisini simu zinaanza. Kondakta wa treni ya bahari hapati taabu kumwona mzee. Amesimama mwisho wa behewa la tatu, boksi mbili za uzi wa buluu kifuani, anapapasa ukuta akitafuta mlango wa kupitia ndani kwa ndani kurudi kwenye kiti chake. Kondakta alikuwa amempita mara moja. Aliona uzi wa buluu, akajua huyu yuko mahali pake.

Kwa kusikia hilo Bi Sanae anakaa chini sakafuni, trei ikiwa bado shingoni.

Mzee anapewa simu. Anaitwa Tsukioka Morikazu, ana miaka 78. Mkewe ni Fusae, miaka 75. Wako safarini siku ya kumi na tisa sasa, treni hadi treni, mji hadi mji, miji yote ambayo mkewe alikuwa akiitaja tangu ujana wao na hawakuwahi kupata nafasi. Wamefanya haraka kwa sababu daktari amewaambia kumbukumbu za Fusae zinakwenda.

"Simu yake ninayo mimi," anasema. "Tiketi ninazo mimi, anwani ninayo mimi. Ndugu yangu, akikaa peke yake dakika kumi anainuka kunitafuta. Atashuka. Popote mlango utakapofunguka, atashuka."

Igarashi anatazama ratiba ukutani. Treni ya mlimani ina dereva peke yake, haina kondakta. Kwenye bonde simu ya dereva haishiki hadi saa 5:43. Kabla ya hapo kuna vituo viwili. Hinokuchi, saa 5:34, hakuna mtu, kuna benchi na ngazi za kushukia mtoni. Sugatani, saa 5:41.

Saa ya ukutani inasema 5:29.

"Naita polisi," anasema Igarashi.

"Polisi wa Hinokuchi ana baiskeli," anasema Bi Sanae. "Nipe hiyo simu. Baba, ni mimi niliyekuponza, mimi mwenye aproni. Nisamehe, lakini utanitukana baadaye. Kile kitabu cha mama ni cha mihuri?"

"Ndiyo. Kila stesheni. Anapiga mwenyewe, mimi hanigusishi. Asubuhi anaweza kusahau jina langu, lakini mhuri hasahau. Huchungulia dirishani kila kituo kutafuta meza ya mihuri."

Mhuri wa Hinokuchi uliondolewa tangu kituo kilipokosa mfanyakazi. Wa Sugatani uko hai, unatunzwa kwenye saluni ya Orie, mwanamke aliyewahi kuuza chakula pamoja na Bi Sanae kabla hajaolewa huko milimani. Saluni inatazamana na jukwaa. Namba yake Bi Sanae anaijua kichwani.

"Orie! Ni Sanae. Chukua mhuri na kidau cha wino, nenda jukwaani sasa hivi!"

"Wee, una wazimu? Nina kichwa cha mtu hapa kimejaa sabuni!"

"Kiache!"

Anamweleza kwa maneno machache. Kule upande wa pili kunasikika kiti kikisukumwa, mlango ukigonga, kisha kimya. Mkono wa simu umeachwa mezani.

Inafika 5:34. Huko Hinokuchi milango inafunguka, na kama Bi Fusae ameshuka, ameshuka kwenye mvua, hana koti, hana simu, na mto uko hatua thelathini kutoka kwenye benchi. Igarashi amemtuma yule polisi mwenye baiskeli, ila atafika baada ya nusu saa. Bi Sanae ameshika roli ya uzi wa buluu, anaufungua na kuufungua hadi umejaa mapajani.

Mara simu inakohoa.

"Haloo? Kuna mtu?" Ni sauti ya mwanamume. "Mimi ndiye mwenye kichwa."

"Kichwa gani?"

"Chenye sabuni. Nimeambiwa nisimame dirishani nikutangazie."

"Basi tangaza, kaka yangu! Unaona nini?"

"Namwona Orie. Amesimama katikati ya jukwaa, mvua inampiga, ameinua mhuri juu na mikono yote miwili. Watu watasema kachanganyikiwa. Haya, treni hiyo inaingia. Imesimama. Mlango wa kwanza, hakuna mtu. Wa pili, katoka mwanamume na mwavuli. Wa tatu, hakuna."

"Tazama vizuri!"

"Natazama, mama, sabuni inaniingia machoni. Hakuna. Kengele inalia."

Bi Sanae anafumba macho.

"Ngoja," anasema yule mtu. "Ngoja, ngoja. Kuna bibi mlangoni."

"Ana kitabu?"

"Sijui kitabu. Amevaa kofia ya mwanamume."

Bi Sanae analia kwa sauti, waziwazi, kama mtoto, na Igarashi, ambaye kwa kawaida angetafuta neno la kumtania, anageukia ukuta na kupiga simu kwenye treni ya bahari.

Orie alisimulia baadaye kwamba Bi Fusae alishuka bila wasiwasi, akafungua kitabu, akauliza kama mhuri wenyewe ndio huu. Alisema hajawahi kuona stesheni yenye ukarimu hivi, hadi mhuri unakufuata mlangoni. Aliupiga taratibu, akapuliza wino ukauke. Kisha akamwomba Orie amwonyeshe mahali pa kukaa, kwa sababu mume wake ameenda kununua chakula na hatakawia.

Alikaa saluni, kwenye kiti cha pili, akatazama yule bwana akisuuzwa nywele.

Mzee Tsukioka alirudi Minasawa saa 6:48 mchana, boksi zake hazijafunguliwa. Bi Sanae alikuwa akimsubiri mlangoni, akainama hadi trei ikagusa magoti. Mzee akamwinua.

"Wewe uliuliza, mimi nikajibu," akasema. "Na mtu mwenye aproni akisema mbele, mimi ni nani nikatae?"

Bi Sanae hakucheka. Alivua trei, akaikabidhi kwa mkuu wa stesheni, na kupanda treni ya mlimani pamoja na yule mzee. Katika miaka 34 ya kuwaelekeza watu Takeyori, hakuwahi kupanda njia hiyo akiwa kazini. Njiani mzee alikuwa akihesabu mahandaki.

Saluni ya Orie ilikuwa na joto. Bi Fusae aligeuza kichwa, akamtazama mumewe kwanza usoni, kisha mikononi.

"Umekawia," alisema. "Foleni ilikuwa ndefu?"

"Ndefu sana," alijibu mzee, akaanza kufungua nyuzi za boksi.

Walikula wote wanne, Orie naye, palepale. Samaki alikuwa amepoa, na Bi Fusae akasema ni mtamu kuliko wote waliokula tangu watoke nyumbani. Alimwuliza Bi Sanae mara tatu anafanya kazi gani, na mara zote tatu Bi Sanae akamjibu kwa utaratibu uleule.

Jumapili asubuhi, saa 5:17, treni inaingia kwa wakati wake. Jikoni wamekwisha ambiwa wabadilishe majina ya vyakula. Igarashi ameahidi kubandika mshale mkubwa jukwaani, na kabla ya majira ya kuchipua atamwombea msaidizi, maana anasema mtu mmoja hawezi kuuza na kuelekeza kwa dakika nne. Bi Sanae anasema hana mpango wa kustaafu, anataka afike mwaka wa arobaini. Mwaka huo ukiisha atapanda mwenyewe, mbele hadi Kazehama, arudi, kisha nyuma hadi Takeyori, na kitabu cha mihuri amekwisha nunua.

Uzi ameubakiza. Swali amelibadilisha. Mwanamke mwenye mkoba mgongoni anasimama mbele ya trei na kuomba boksi moja, na Bi Sanae, kabla mikono yake haijagusa roli yoyote, anamtazama usoni.

"Dada," anamuuliza, "kule ulikokaa, umemwacha nani?"