Naitwa Mchoyo kwa Kumnyima Mume Wangu Asali

(Aliyetuandikia anaomba tulifiche jina lake na la kijiji chake. Tumeyaficha yote mawili. Hasira zake tumeziacha kama zilivyokuja.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Mafia, mke wa mtu na mama wa watoto watatu. Tunaishi katika kijiji cha ujamaa tulichohamishiwa pamoja na jamaa wote wa mume wangu, na nyumba ya mama mkwe imepakana na yangu. Naandika nikiwa nimekasirika na sitaki kujifanya sijakasirika. Hapa kijijini sasa nina jina jipya, naitwa mchoyo, mkono wa birika, na wanaoniita hivyo ni watu niliowapikia kwenye misiba yao.

Mume wangu alianza kukonda mwaka jana. Kiu haimwishi, haja ndogo haimwishi, na alipokojoa nyuma ya ua sisimizi walijaa. Mama mkwe akasema mwanawe halishwi. Mimi nikamkokota mume wangu hadi hospitali ya wilaya. Daktari akachemsha mkojo wake na dawa ya buluu, ukageuka rangi ya tofali. Akasema, "Ndugu, una kisukari. Ukijitunza utaishi. Acha vitu vitamu, punguza wali na muhogo, na nazi nayo ipunguze." Tukarudi na vidonge na maneno hayo, na mimi nikayashika. Nikawa nampikia samaki chukuchuku, ndimu na chumvi, bila tui. Jamani, mnaijua Mafia. Kisiwa kizima minazi, halafu mke amwekee mumewe chukuchuku kila siku? Mama mkwe alifunua chungu changu bila kuniuliza, akawaita majirani waje waone. "Nazi zinaoza uani," akawaambia, "mkazamwana wangu anazionea uchungu."

Nikasema haidhuru, atakuja mtu wa serikali awaeleze. Kweli akaja bwana afya, mgeni kutoka bara. Ikapigwa mbiu, tukakusanyika, mimi nikakaa mbele kabisa. Akatundika picha kubwa ya mkate, siagi, keki, chupa ya bia na bwana mmoja mnene kwenye kiti. Akasema, "Ndugu wananchi, kisukari huletwa na vitu hivi. Viacheni msije mkakipata. Na aliyekwisha kukipata, sukari ni marufuku." Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Keki gani? Bia gani, kwenye kijiji chenye msikiti kila upande? Na hiyo sukari yenyewe duka la ushirika huileta likijisikia. Nikanyosha mkono nikamwuliza, "Ndugu bwana afya, na kaimati je? Na tambi? Na asali?" Akanitazama, akauliza kaimati ni samaki wa aina gani, nazo ni donge za unga zilizolowa shira. Watu wakacheka tena, safari hii wakinicheka mimi, naye akakunja picha yake akaenda zake. Nilimchukia mtu yule na mpaka leo namchukia. Amekuja kutufundisha habari za matumbo yetu wala hajui tunatia nini humo.

Tangu siku ile mama mkwe amepata hoja. Anasema serikali imetaja keki na bia, na mwanawe hajavigusa tangu azaliwe, basi huo ugonjwa ni wa wakubwa wa mjini. Na marufuku ya sukari ameitii, haweki hata chembe. Badala yake kaka yake humletea asali kutoka kisiwa cha Juani, na kila asubuhi humwita mwanawe akanywe uji uliokolea asali. Nilipokwenda kumzuia alinijibu, "Kilichokatazwa ni sukari. Asali si sukari. Asali ni shifaa, ni dawa, Kitabu kimesema." Niseme nini mimi? Ni Mwislamu, aya hiyo nimeisoma chuoni na ninaiamini. Lakini daktari alikataza utamu, hakukataza mfuko wa dukani. Nilipolisema hilo kisimani, wanawake wenzangu wakasogea mbali nami, wakasema nabishana na Kurani.

Na mume wangu ndiye anayeniudhi kuliko wote. Nilimwuliza, "Baba watoto, kule kwa mama unakunywa nini?" Akajibu, "Mama watoto, yule ni mamangu. Nikikirudisha kikombe cha mamangu nitakuwa mtu gani?" Nikamwambia atakuwa mtu mzima. Sasa alikanyaga kombe pwani akachanika kidole cha mguu, na kidonda hakifungi, kimeanza kunuka. Namwambia turudi hospitali, ananiambia baada ya Ramadhani.

Ramadhani yenyewe ndiyo hii inaingia. Mama mkwe ametangaza kwamba mwanawe atafuturu kwake, tende, kaimati na uji wa asali. Juzi alikuja na wazee wawili wa ukoo wao. Nikampa shikamoo, hakuitikia. Akasema mbele yao, "Mkazamwana, mwezi huu nataka mwanangu anenepe. Asiponenepa, Mfungo Mosi, Idi ikipita, ataoa mke mwenye mkono wazi, na wewe utapewa talaka yako urudi kwenu." Mume wangu alikuwapo. Aliutazama mguu wake tu.

Wasomaji, msiniambie nivumilie, maana huo uvumilivu ndio unaomuua. Wala msiniambie nimpe tu anachotaka, kwani aliyeosha kidonda kile asubuhi ya leo ni mimi, si nyinyi. Nikiendelea kumpimia chakula na kupigana na mamaye, naachwa. Nikinyamaza arambe asali yake kwa amani, namzika. Eda nitakaa kwa vyovyote. Nishaurini basi, niikae ya talaka au ya kufiwa?