Skii Nyepesi za Gallus

Katika bonde lile mtu hasemi kwamba anaumwa. Huingia dukani kwa Serafin Lentsch na kuomba skii za kutelezea thelujini zilizo nyepesi kuliko za mwaka jana. Serafin alijua habari za mapafu na magoti ya watu kabla ya daktari, maana alikuwa ameuza na kutengeneza skii kwa miaka arobaini na tatu. Na kwa ulimi wake usio na breki alikuwa amewacheka karibu wote. "Mwakani utakuja kuniomba mkongojo," ndiyo ilikuwa salamu yake. Wateja walimvumilia, kwa kuwa alichokufungia yeye hakikufunguka mlimani.

Lakini mwishoni mwa Januari alipoingia Gallus Prantl, Serafin hakuona cha kucheka. Gallus alikuwa seremala mstaafu na rafiki yake tangu darasa la kwanza. Sasa koti lilimning'inia kana kwamba aliliazima. Hata hakuketi. Alikwenda moja kwa moja ukutani, akachukua jozi nyembamba kuliko zote, akaipima kwa mkono mmoja.

"Nifungie hizi."

"Hizo? Hizo ni vijiti vya kukorogea kahawa, bwana."

"Kilo moja kila mguu. Nimesoma."

"Umesoma! Asubuhi kabla kebo ya kupandishia watalii haijafunguliwa, njia imeganda kama sakafu ya kanisa. Hizo zitakutetemesha mpaka meno ya bandia yadondoke."

"Meno yangu ni ya kwangu, Serafin. Ya kwako ndiyo yanalala kwenye glasi."

Wakacheka, ila kicheko cha Gallus kilikatika na kuwa kikohozi.

Serafin akamlazia jozi ya pili juu ya meza. Kilo moja na nusu kila mguu, pana zaidi kiunoni, mkia mgumu unaong'ata barafu. Akamhubiria sheria yake, ile aliyomhubiria kila mtu: skii huchaguliwa kwa ajili ya kushuka. Kupanda ni jasho tu, kushuka ndiko kunakovunja watu. Hakuwa akipiga porojo. Kwa misimu ishirini alikuwa mwokoaji wa kujitolea mlimani, na aliowashusha kwa sleji ya kuburutia wagonjwa hakutaka tena kuwahesabu.

"Mimi nataka kufika juu tu," Gallus akasema. "Kitabuni."

Kule Schafkar, juu mlimani njia za skii zinapoanzia, kuna kibanda cha chakula, na ndani yake kitabu. Huandika jina humo yule tu aliyepanda kwa miguu yake, ngozi za kuzuia kurudi nyuma zikiwa zimebandikwa chini ya skii, kabla kichumba cha kwanza cha kebo hakijafika na watalii. Gallus ndiye aliyepandisha boriti ya paa la kibanda kile akiwa kijana, na tangu hapo hakukosa msimu hata mmoja. Msimu ule jina lake lilikuwa bado.

"Na kushuka je?" Serafin akauliza.

"Kushuka kutajijua."

Serafin akayachukua maneno hayo kuwa ukaidi wa mzee. Hakumwuliza zaidi. Bondeni mwao, aliyepanda kwa miguu akashuka kwa kebo ni kama aliyeingia kanisani kwa mlango akatokea dirishani. Jambo hilo halikumpitia kichwani kabisa.

Gallus akasimama kidogo, mkono bado uko juu ya zile nyepesi. "Haya. Wewe ndiye fundi." Serafin akachukua kipimo cha soli ya viatu vya Gallus, akatoboa matundu, akafunga vishikizo vya kubania viatu kwenye zile za kilo moja na nusu. Alijiona amemtendea wema.

Wiki iliyofuata wakapanda pamoja alfajiri, kandokando ya njia. Gallus alitangulia ili asiharakishwe. Mwanzoni alivuta miguu vizuri. Kisha akawa anasimama kila baada ya hatua hamsini, halafu ishirini, halafu kumi. Kwenye benchi la katikati ya mlima akaketi, uso una rangi ya majivu.

"Nipe mkoba," Serafin akasema.

"Mkoba hauna kitu. Ni hizi za mguuni."

Serafin akatazama skii zake mwenyewe, akatamani wabadilishane hata kama nazo hazikuwa nyepesi. Haiwezekani. Vishikizo hukubali kiatu kilichopimiwa tu.

"Utashukaje sasa?" akauliza.

"Nilipanga kushuka kwa kebo," Gallus akasema huku akitazama chini. "Nipande hivi, niandike jina, nishuke nimekaa kama mtalii. Niliona haya kukwambia."

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nusu kilo kila mguu, kila hatua, maelfu ya hatua, na yeye ndiye aliyemfunga mzigo huo. Serafin alitaka kuomba radhi; badala yake akainama, akafuta theluji kwenye vishikizo vya Gallus.

Gallus akabandua ngozi, akageuka kabla ya kufika juu. Alishuka vizuri ajabu, magoti pamoja, barafu ikikatika safi chini yake, na hakutetemeka hata mara moja. Serafin akamfuata nyuma, machozi yakimganda mashavuni.

Mchana huohuo akaziteremsha zile nyepesi ukutani, akazitoboa kwa kipimo cha Gallus, akampelekea nyumbani. Gallus alikuwa amelala karibu na jiko la vigae. Akaiinua moja kwa vidole viwili.

"Vijiti vya kahawa," akasema.

"Vijiti vya kahawa. Jumapili tutapanda."

"Ziegemeze pale, nizione."

Jumapili hawakupanda. Walimzika kabla theluji ya bondeni haijaanza kuyeyuka.

Siku tatu baada ya maziko Serafin akapanda peke yake, zile skii nyepesi za Gallus amezifunga mgongoni. Zenzi, mwanamke mwenye kibanda cha Schafkar, akamwekea supu ya madonge ya mkate, halafu kitabu na kalamu.

"Mwandike na yeye," Zenzi akanong'ona. "Nani atajua?"

"Yeye angejua."

Serafin akakifunga kitabu bila kuandika jina la yeyote. Supu ikapoa. Alipotoka, hakukanyaga vishikizo vyake. Alizibeba jozi zote mbili hadi kwenye kebo, akaingia na kuketi, skii katikati ya magoti.

Kituo cha chini kilijaa watu wa bonde waliongoja kupanda. Wote wakamwona akitoka. Mzee wa tiketi akamkimbilia.

"Kulikoni, Serafin? Unaumwa?"

"Ndiyo," akasema. "Naumwa."