Pindo la Ngozi

Harufu ya ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta ya nyonyo hunikasirisha kabla sijakumbuka kwa nini. Nimesoma hadi kuwa mwalimu, mvi zimeanza, na bado pua yangu ina kinyongo cha mtoto.

Nilikulia Kondoa enzi za Mdachi. Wanawake wa Pwani, waliofuata waume zao wa bomani, walituletea kanga na ukaya wa kujifunika kichwa, nasi tukavipenda. Tatizo lilikuwa upepo wetu; kitambaa chepesi hakimsitiri mtu kule. Mama, aliyekua akivaa ngozi kabla hajasilimu, alishona ukanda wa ngozi wenye shanga kwenye pindo la kaniki yake. Uzito ule uliituliza nguo hadi vifundoni, na shanga zikasema polepole alipotembea. Sikuwahi kuona vazi zuri zaidi.

Asubuhi ya Idi ndogo, uwanjani, Bi Zena, mke wa karani, alishika pua.

"Mama Halima, umekuja kuswali au kuchunga?"

Wenzake wakacheka.

"Mbuzi mwenyewe alichinjwa kwa bismillahi, Bi Zena."

"Kwenye safu yangu ngozi haiingii. Ibandue."

Mama akaifumua palepale, kwa meno. Upepo haukuchelewa. Wanawake wote waliswali wameshika nguo kama watu wanaovuka mto, Bi Zena akiwemo. Tulipofika nyumbani Mama alisema neno moja tu: "Sikuinua mikono kwenye takbira."

Siku chache baadaye Bi Zena alipita mlango wa uani, kanga kwapani. "Shoga, nishonee kama ile. Ila ngozi isionekane."

Na Mama akamshonea! Akaifunika ngozi kwa kitambaa chekundu, huku mimi nikinuna hadi mashavu yakaniuma. Idi kubwa ilipofika, mapindo mazito yalijaa uwanjani, na Bi Zena akiwaeleza wageni, "Huu ni mtindo wetu wa Pwani."

"Mwambie, Mama!"

Mama, aliyeishona tena ngozi yake, nje nje bila kuifunika, alinifinya. "Nyamaza, wanaanza."

Kwa miaka mingi nilisimulia jinsi Mama alivyoibiwa, kwa uchungu mkubwa, hata kwa watu ambao hawakuuliza. Nilikuwa mtu mzima nilipong'amua kwamba mtindo ukishakuwa wa Bi Zena, hakuna tena wa kumwambia Mama aubandue ukanda wake. Hasira yangu haijaisha. Lakini siku ile, imamu alipotoa takbira, mikono ya Mama ndiyo iliyotangulia kupanda.