Jeti za Kupandia Endarasha

Siku yangu ya kwanza gereji pale Nyeri, uhuru ukiwa bado mchanga, Foromani, msimamizi wa mafundi, hakuniuliza cheti. Alinipa bisibisi ndefu, akanionyesha niweke mpini sikioni na ncha kwenye injini. "Sikia kwanza, ndio ufungue," akasema. Nikasikia kila vali ikigonga kwa zamu yake, na tangu hapo sikutaka kazi nyingine.

Mwaka wa tatu likaletwa gari la mashindano kutoka Mombasa. Jekundu, pua ndefu, kabureta mbili, halina paa wala mkanda. Mwenyewe, meneja wa ranchi moja ya Nanyuki, alitaka kushindana nalo Jumapili kupanda kilima cha Endarasha. Lakini lilikuwa likikohoa na kutoa moshi mweusi. Hewa yetu ya mlimani ni nyepesi, na jeti zake, yaani vitobo vya shaba vinavyopima petroli, zilipimiwa hewa ya pwani, hivyo petroli ilizidi.

"Jeti ndogo tuko nazo?" Foromani akauliza.

"Hapana. Lakini naweza ziba hizi na risasi ya kuyeyusha, nitoboe tena na sindano ya kuzibua stovu."

"Ati sindano ya stovu? Ukitoboa ndogo sana, pistoni itaungua. Ikiungua, Jumatatu usikuje kazi."

Mke wangu alikuwa nyumbani Ruring'u na mimba ya miezi saba. Nilitoboa hivyo hivyo.

Jumapili gari likaondoka likinguruma, nami nikabaki chini nikisikiliza. Sauti ilipanda kona baada ya kona, haikukohoa hata mara moja. Lilishinda! Liliporudi nikafungua plagi, na zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, rangi anayoiomba kila fundi. Foromani akazitazama sana.

"Jumatatu kuja mapema," akasema. "Iko na gari ingine."

Baadaye nilihamishiwa Karatina, kisha Nanyuki, nikawa foromani mwenyewe mpaka nilipostaafu.

Juzi nilifungua boneti ya sedani ya binti yangu. Plastiki tupu! Kompyuta ndogo inapima hewa na petroli yenyewe, iwe Mombasa au mlimani. Tulipanda Endarasha kwa lami, yeye akiendesha, tukizungumza bila kupaza sauti. Lile jekundu, mwenyewe alituambia, lilimchoma nyayo, likapigana naye usukani, akafika juu masikio yamezibika.

"Kwa hivyo baba, ile kazi yako yote siku hizi inafanywa na kompyuta?"

"Yote."

Nilidhani neno hilo litaniuma. Wapi! Nilikuwa nimechangamka kupita kiasi. Nikamwambia tugeuze, turudi chini, halafu anipishe usukani. Enzi zetu fundi hakuruhusiwa kushindana. Alitengeneza, akasukuma, akabaki akisikiliza wenzake wakipanda.

Safari hii nilikanyaga mafuta mimi.